Barua ya wazi kwa wanaotupima kwa lafudhi zetu

Kwa: Viongozi wa elimu wa Mkoa wa Mwanza, wakuu wa vyombo vya habari vya Kanda ya Ziwa, na wote wanaosimamia usaili wa kazi katika ofisi za umma na za binafsi

YAH: LAFUDHI ZA WATU WA ZIWA KUHESABIWA KUWA UPUNGUFU WA ELIMU

Waheshimiwa,

Ninawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nilizaliwa Ukerewe, nikavuka kuja Mwanza kusoma, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliitumia katika madarasa ya mkoa huu, kuanzia Magu hadi Ilemela. Tangu nistaafu, vijana wachache huja nyumbani kwangu jioni kufanya mazoezi ya usaili, na yaliyompata mmoja wao ndiyo yaliyonifanya niandike barua hii, ingawa jambo lenyewe nimelibeba kwa miaka mingi kuliko umri wake.

Binti huyu anatoka Ngudu, wilayani Kwimba. Ana stashahada ya uhasibu, na aliitwa kwenye usaili wa nafasi ya kupokea wateja na kushughulikia malipo katika kampuni moja ya hapa mjini. Tulifanya mazoezi siku nne. Aliweza kueleza, bila karatasi, kwa nini daftari la fedha la ofisi na taarifa ya benki vinaweza kutofautiana mwisho wa mwezi bila mtu kuiba, na namna ya kuitafuta tofauti hiyo hatua kwa hatua. Siku yenyewe ilipofika aliombwa aeleze kazi aliyoifanya wakati wa mafunzo kwa vitendo. Akaanza: "Nilikuwa naandaa lipoti za kila wiki..." Hapo msaili mmoja akamtazama mwenzake, mwenzake akatabasamu, na mwenyekiti akamkatiza kwa sauti ya upole kabisa: "Dada, wewe ni wa Ngudu?" Akajibu kuwa ndiyo. Wakacheka kidogo. Hakikuwa kicheko cha chuki. Kilikuwa kile cha watu waliokutana na kitu wanachokifahamu. Maswali yaliyofuata yalikuwa mawili tu, na yote mawili yalihusu kama angeweza kuzungumza na wateja kwenye simu. Hakuna aliyerudi kwenye zile ripoti.

Jioni ile alikaa barazani kwangu akiwa bado ameshika bahasha ya vyeti, akawa analirudia neno lile polepole, mara likitoka sawa, mara likimponyoka, macho yakiwa sakafuni. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Na mwenyekiti naye ni wa kwetu, Mwalimu. Nilimjua kwa jina lake la ukoo."

Siandiki kudai kwamba nafasi ile ilikuwa haki yake. Inawezekana aliyeipata alimzidi kwa mengi. Ninacholalamikia ni kwamba hakupimwa kabisa. Kipimo kiliishia kwenye herufi moja, na elimu ya miaka mitatu ikabaki ndani ya bahasha.

Naomba niseme kwanza kuhusu ulimi wenyewe, kwa sababu wengi wanaotoa hukumu hizi hawajawahi kuelezwa lafudhi inatoka wapi. Mtoto mchanga wa miezi michache anaweza kusikia tofauti za sauti za lugha nyingi ambazo hajawahi kuzisikia nyumbani. Kabla hajatimiza mwaka mmoja, sikio lake huanza kujifunga katika sauti za lugha inayomzunguka, na zile zisizotumika karibu naye huanza kumpita. Huo si uvivu wala ujinga. Ndivyo binadamu yeyote anavyoipata lugha yake ya kwanza. Sasa, Kisukuma cha asili kina l, hakina r. Kina irabu saba, wakati Kiswahili kina tano. Kina kidatu, maana yake ni kwamba kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kutofautisha neno na neno, wakati Kiswahili hakina kidatu cha namna hiyo, bali huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto aliyelelewa Ngudu au Misungwi anapoanza shule na kukutana na Kiswahili, anakileta ndani ya nyumba ambayo tayari ina vyumba vyake na milango yake.

Tukivuka ziwa kidogo tu mambo yanabadilika. Kikurya, kule Tarime, kina r na hakina l, na ndiyo maana Mkurya na Msukuma wanaweza kukaa dawati moja, kila mmoja akamshangaa mwenzake kwa kosa lililo kinyume cha lake. Waganda, ng'ambo ya kaskazini, wanazo sauti zote mbili lakini wamezigawia kazi: r hukaa baada ya i na e, na l hukaa kwingineko. Neno lao la moto ni omuliro. Tazameni l ilivyokaa baada ya u, na r baada ya i. Hakuna Mganda anayefikiri juu ya kanuni hiyo anapozungumza, kama vile sisi tusivyofikiri juu ya ngeli tunaposema "viti vile" na "mti ule". Tunachokiita kuchanganya, kwa hiyo, mara nyingi ni mtu anayefuata utaratibu wa lugha moja kwa uaminifu wakati anazungumza nyingine.

Na sikio letu linabagua kwa namna ya ajabu. Sauti za th, dh na gh zilituingilia kwa maneno ya Kiarabu, na watu wengi wa bara, pamoja na wasomi, huzipitia pembeni. Nimewasikia watu wenye vyeo wakisema "semanini" kwa themanini na "zahabu" kwa dhahabu, wala hakuna aliyewauliza kwao ni wapi. Kwa kipimo cha kamusi, "semanini" na "lipoti" ni makosa ya uzito uleule. Moja linasamehewa kwa sababu limezoeleka midomoni mwa watu wa mjini. Jingine linaadhibiwa kwa sababu linatukumbusha kijiji.

Waheshimiwa, sina haki ya kuwaandikia haya kabla sijasema nilichokifanya mimi mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilifundisha darasa la tano katika shule moja wilayani Magu. Nilikuwa na mvulana mmoja mwembamba, mwepesi wa hesabu, ambaye alisoma kwa sauti sentensi iliyokuwa na neno "barabara" akasema "balabala". Nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamwamuru alirudie. Alilirudia mara nyingi sana. Darasa lilikuwa linacheka na mimi sikulizuia, kwa kuwa niliamini kabisa kwamba aibu ni dawa ya ulimi. Nami nilifundishwa hivyohivyo. Hakulipata siku ile.

Wiki zilizofuata likatokea jambo ambalo wakati ule nililichukulia kuwa ukaidi. Alianza kusoma "chakura" na "kurara", maneno ambayo hapo awali aliyatamka sawasawa kabisa. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa. Wanaisimu wanauita usahihishaji uliopitiliza: mtu akishafanywa aamini kwamba sauti fulani ni aibu, huiondoa kila mahali, hata pale ilipo mahali pake. Nilikuwa nimemfundisha kuiogopa l. Halafu akaacha kabisa kunyoosha mkono, hata kwenye hesabu, na alipomaliza darasa la saba sikumsikia tena.

Nilikutana naye miaka michache iliyopita Kirumba, mwaloni, kwenye soko la samaki kando ya ziwa, akiwa mfanyabiashara wa dagaa mwenye vibarua wake. Aliniamkia kwa heshima zote, akanipa kiti, akaniomba nimsubiri kidogo amalize na wateja. Nikakaa nikasikiliza. Pale walikuwapo Wajita, Wahaya, Wakerewe, Wasukuma, na wanunuzi waliotoka Kongo na Kiswahili chao kinachokwenda kwa mwendo wake mwenyewe. Bei ilitajwa, ikapingwa, ikakubaliwa. Magunia yalihesabiwa. Mnunuzi mmoja alilalamika kwamba mzigo uliopita uliloa njiani, wakakubaliana nani abebe hasara hiyo na kwa kiasi gani. Sikumwona mtu hata mmoja akimsahihisha mwenzake matamshi, wala sikumwona aliyeshindwa kuelewa.

Tulipobaki wawili nilimwomba radhi kwa ile siku ya darasani. Alikumbuka. Hakucheka, wala hakusema yamepita. Aliniambia: "Mwalimu, lile neno mimi mpaka leo silisemi. Nasema lami." Mtu mzima, mwenye wajukuu, anayeagiza malori kwenda Kagera na Kigoma, amepanga maneno yake kwa zaidi ya miaka ishirini ili asije akalazimika kuitaja barabara. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeelewa kwamba nilichokifanya hakikuishia siku ile.

Kuna uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingine ambao ningependa wasimamizi wa usaili waufahamu, hasa kwa sababu ya yule mwenyekiti wa usaili aliye mtu wa kwetu. Mwaka 1960, huko Montreal, Kanada, Wallace Lambert na wenzake waliwasikilizisha wanafunzi sauti zilizorekodiwa, wakawaomba wakadirie tabia za kila msemaji. Wasikilizaji hawakujua kwamba msemaji mmoja alisikika mara mbili, mara moja kwa Kiingereza na mara nyingine kwa Kifaransa. Mtu yuleyule aliposikika kwa Kiingereza alionekana mwenye akili zaidi na wa kuaminika zaidi. Hilo lingeweza kutarajiwa kwa wasikilizaji wa Kiingereza. Lililowashangaza watafiti ni kwamba wasikilizaji wa Kifaransa nao walizishusha sauti za lugha yao wenyewe. Walioshushwa walikuwa wamekwisha kukubali kipimo cha waliowashusha. Ninaposikia mtoto wa ziwa aliyefika kwenye kiti cha mwenyekiti akimcheka mtoto wa ziwa aliye mbele yake, naikumbuka Montreal, na simwoni mwenyekiti yule kuwa mtu mbaya. Namwona kama mwanafunzi wangu mwingine aliyewahi kusimamishwa mbele ya darasa.

Mwaka 1992 Donald Rubin, wa Chuo Kikuu cha Georgia nchini Marekani, aliwachezea wanafunzi rekodi moja ya mhadhiri mzaliwa wa nchi hiyo. Kundi moja lilionyeshwa picha ya mwanamke mzungu, jingine picha ya mwanamke mwenye sura ya Asia. Waliomwona wa Asia walisema wanasikia lafudhi ya kigeni, na hata walichokumbuka katika mhadhara kilipungua, ingawa sauti ilikuwa ileile. Maana yake ni kwamba wakati mwingine lafudhi tunayoisikia imewekwa na jina la ukoo au jina la wilaya iliyoandikwa kwenye barua ya maombi, kabla mtu hajafungua kinywa.

Uchunguzi wa tatu ndio unaonipa hoja ya ninachokuja kuwaomba. Mwaka 2010 Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar, wa Chuo Kikuu cha Chicago, waliwaomba watu wakadirie ukweli wa taarifa ndogondogo, kwa mfano kwamba twiga anaweza kukaa bila maji muda mrefu kuliko ngamia. Wasikilizaji waliambiwa wazi kwamba wasemaji wanasoma tu maneno waliyopewa. Hata hivyo taarifa iliyosomwa kwa lafudhi ya kigeni ilionekana kuwa na ukweli mdogo kuliko ileile iliyosomwa kwa lafudhi ya kienyeji. Maelezo ya watafiti ni mepesi: sikio linapotumia nguvu zaidi kufuata maneno, akili huichukulia kazi ile kuwa dalili kwamba maneno yenyewe yana walakini. Wasikilizaji walipoelezwa mapema lengo la jaribio, walifaulu kujirekebisha kwa lafudhi nyepesi, lakini kwa lafudhi nzito hawakufaulu. Kwa hiyo nia njema peke yake haitoshi. Kama kampuni au ofisi inataka kuwapima watu kwa haki, inahitaji utaratibu unaowalinda waombaji dhidi ya sikio la msaili mwema.

Nitaambiwa kwamba Kiswahili sanifu lazima kilindwe. Nimekilinda maisha yangu yote, na sitaacha leo. Lakini tukumbuke kilivyopatikana. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja, yaani lahaja ya mji wa Zanzibar, kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha maandishi na elimu katika Afrika Mashariki, na kuanzia 1930 kamati maalumu ikashughulikia tahajia, vitabu na kamusi. Uchaguzi ule ulitupa hazina kubwa. Kwa ajili yake mtoto wa Ukara na mtoto wa Newala wanasoma kitabu kimoja. Hata hivyo usanifu ule ulihusu zaidi tahajia, msamiati na sarufi, na haukuwahi kuwataka watu wa bara wazungumze kama waliozaliwa Mji Mkongwe. Kama ungewataka hivyo, Mombasa na Lamu nazo zingekuwa za kwanza kushindwa mtihani. Taifa hili lilimsikiliza Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama. Lilimsikiliza hayati John Magufuli, mtoto wa Chato, aliyehutubia akiwa Rais kwa lafudhi yake ya ziwa bila kuificha, na hata akachomeka Kisukuma kila alipoona inafaa. Waliokubaliana naye na waliompinga wote walielewa alichosema. Kwa nini lafudhi iliyotosha Ikulu isitoshe kwenye dawati la mapokezi?

Nitaambiwa pia kwamba sauti hubadilisha maana. Ni kweli, na hapa sitaki kulegeza chochote. Kura na kula si neno moja. Mahari na mahali vivyo hivyo. Fahari ni jambo na fahali ni ng'ombe. Msomaji wa habari anapaswa kuzitenganisha, na mwalimu anapaswa kumfundisha. Ninachoomba ni afundishwe kweli. Baada ya yule kijana wa Magu nilibadilisha njia yangu. Nilimketisha mwanafunzi peke yake baada ya vipindi, nikampa kioo kidogo, nikamwambia aseme "da-da-da" kwa haraka, ncha ya ulimi ikigusa ufizi na kuachia. Kisha nilimwomba aulegeze mguso ule, ulimi ugonge na kupita. Sauti inayotoka hapo iko jirani sana na r. Tulilinganisha na l, ambayo ulimi hubaki umegusa na pumzi hupita pembeni. Dakika kumi kwa siku, bila hadhira. Wengi waliipata. Ambao hawakuipata waliendelea kusoma kwa sauti na kunyoosha mikono, nami nikawapa alama za kile walichokieleza.

Kuna madhara mengine yasiyozungumzwa sana, nayo ni ya majina. Kati ya pacha, Msukuma humwita wa kwanza Kulwa. Kiswahili kilichukua jina hilo na kamusi zetu zinasema kurwa. Karani aliyelelewa na kamusi anamsikia mama akisema Kulwa, anaamini kwamba mama ameteleza ulimi, na kwa nia safi kabisa anaandika Kurwa. Mtoto anakwenda shule na cheti cha kuzaliwa chenye jina moja, anamaliza na cheti cha mtihani chenye jina jingine, na akifika umri wa kuomba mkopo wa masomo au kazi anaambiwa yeye ni watu wawili. Nimewaandikia barua za utambulisho wanafunzi wengi wa zamani waliokuwa wakihangaikia hati za kiapo kwa ajili ya herufi moja, wakilipa fedha ambazo wazazi wao walizipata kwa kuuza mbuzi. Mji huu wenyewe Wajerumani waliuandika Muansa, kwenye ramani na kwenye mihuri ya posta, kwa sababu hivyo ndivyo masikio yao yalivyoandika. Wao walikuwa wageni. Karani wa leo anaweza kumwuliza mama: "Naomba unitajie herufi moja moja," au, kama mama hajui kusoma, amwulize maana ya jina.

Kwa wakuu wa vyombo vya habari nina neno fupi. Katika vichekesho na matangazo ya biashara, lafudhi ya Kisukuma hupewa mlinzi wa geti, mganga, au mtu aliyeshuka basi jana. Daktari, mwanasheria na meneja hupewa lafudhi nyingine. Mtoto wa Buhongwa anayesikia hivyo asubuhi na jioni haambiwi kwa maneno kwamba watu wa kwao hawafiki popote, lakini somo analipata. Wapeni watu wa ziwa vipindi vya mambo mazito: bei za pamba na samaki, afya ya mama na mtoto, sheria za uvuvi. Wasomeshwe kusoma kwa uwazi kama mnavyomsomesha mtangazaji yeyote, kisha waachwe na sauti zao.

Kwa viongozi wa elimu, naomba yatolewe maelekezo ya wazi kwa walimu kwamba kumfanya mwanafunzi achekwe mbele ya darasa kwa sababu ya lafudhi ni adhabu isiyoruhusiwa, na kwamba katika kusoma kwa sauti alama zipunguzwe pale tu kosa linapobadilisha maana. Walimu wapya wanaopangiwa huku wakitoka mikoa mingine waelezwe, hata kwa siku moja tu, sauti za lugha za wanafunzi wao. Itawasaidia kujua ni kosa lipi litatoka kwa Msukuma na lipi kwa Mkurya, na kwa nini.

Kwa wasimamizi wa usaili naandika nikiwa na sheria mkononi. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza kubagua watu kwa kabila lao au mahali walipotoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa namna hiyo kazini na inagusa hata taratibu za kuwachagua waajiriwa, isipokuwa pale sifa fulani inapokuwa sharti la msingi la kazi yenyewe. Lafudhi haikutajwa kwa jina, lakini lafudhi ni kabila na mahali pa kuzaliwa vikisikika. Naomba kila jopo liandike alama za majibu, kwa wino, kabla halijaandika alama za uzungumzaji, na kwenye karatasi tofauti. Pale fomu inaposema "uwezo wa mawasiliano", iandikwe wazi kinachopimwa: je, tulimwelewa, je, alituelewa, je, mteja angepata alichokuja kukitafuta? Na swali la "wewe ni wa wapi?" lisiulizwe mpaka mtu amalize sentensi yake na usaili wote ufungwe.

Binti wa Kwimba ameitwa mahali pengine, wiki ijayo. Jana alikuja na ombi: nimtafutie neno jingine badala ya ripoti, lisilo na r. Nilikaa naye nikatafuta kweli. Taarifa inayo. Muhtasari unayo. Kumbukumbu ingefaa kwa sauti, lakini sicho alichoandaa. Nilimkumbuka kijana wa Magu na lami yake, nikafunga kamusi. Nimemwambia aseme ripoti, kwa namna itakavyotoka, na asinyamaze mpaka awe amewaeleza zilikuwa na nini ndani yake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Ilemela, Mwanza